Solo Tuliyoiacha Iishe

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Moshi hatujambo, na goti la babu yako limepoa. Umeniuliza, katika nyimbo za kantri, ni solo ipi ya lile gitaa la kulazwa, lenye pedali, ninayoipenda zaidi.

Jina lake silijui. Niliisikia kwenye sidii isiyoandikwa kitu. Nilikuwa Guangzhou nikinunua nguo, miaka ile polisi walipokagua pasipoti nyumba kwa nyumba. Nilikaa na Rehema, mfanyabiashara wa Unguja, ambaye viza yake ilikuwa imekwisha. Mchana mmoja sidii hiyo ikilia redioni, tukasikia mlango wa jirani unagongwa. Nikakimbilia redio niizime.

“Iache, dada,” Rehema akaninong’oneza. “Tukinyamaza ghafla watajua tunajificha.”

Gitaa likaingia, likavuta sauti taratibu kama mtu anayelia bila haraka. Viatu vikapita mlangoni petu, vikashuka ngazi.

Nilidhani atafurahi. Akasema, “Nimechoka kuogopa. Kesho najisalimisha polisi, nirudi kwa wanangu.” Nilimsindikiza mwenyewe, na kwao alifika salama.

Zipo solo zenye ufundi kuizidi ile, Neema. Lakini ile niliisikiliza nota kwa nota, maana sikuthubutu kujongea.

Bibi yako