Kizibo cha Gobore la Babu

Igurwa,
Karagwe.
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Deodatha,

Shikamoo. U hali gani huko Lindi, na goti lako limepoa? Binamu yangu Gideon bado anakohoa? Sisi hatujambo. Mvua imekatika, kahawa imejaa uani, na mimi niko likizo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa naishiwa maneno, na habari hii ni kubwa: gobore la Babu limefunguka!

Polisi walitangaza kwamba Ijumaa kungekuwa na ukaguzi wa silaha. Kila gobore lifunguliwe kizibo, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, waone ndani. Lisilofunguka linabaki kituoni moja kwa moja. La Babu likagoma. Unajua alilirithi kwa baba yake, na nguruwe pori wameshamaliza mihogo ya jirani yetu Xaveria. Babu akaacha kula.

Mujuni, fundi pikipiki, alilivuta kwa spana mpaka ikateleza akachubuka vidole. Babu akasema basi, tulitie motoni. Nikasema hapana, kwa sauti ambayo hata mbuzi asingeisikia. Nikarudia.

Shangazi, kosa lilikuwa samli! Miaka yote Babu amekuwa akikipaka kizibo samli ya ng'ombe, kama wafugaji wenzake wanavyopaka ngozi na kamba. Baruti imeiunguza pamoja na masizi, ikawa ngumu kama lami. Nikakumbuka somo la kemia: mafuta yakipikwa na maji ya majivu huwa sabuni. Na majivu ya maganda ya ndizi tunayo tele.

Kwanza Babu aliingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, akaupima na nje ya mtutu. Ulifika mwisho, hamna risasi wala baruti. Akautoa mtutu kwenye kitako chake cha mti. Nikachuja majivu, nikabandika sufuria kuukuu.

“Msomi,” Mujuni akacheka, “sasa unapika bunduki kama maharage?”

“Mwache,” Babu akasema. “Wewe spana yako imepika nini?”

Tuliuchemsha upande wa kizibo saa nzima. Maji yakawa meusi, yakatoa povu. Povu la sabuni kabisa! Mujuni akashika spana akiwa bado anacheka. Kizibo kikalia kwiii, kikazunguka. Babu akavua kofia, akaniambia, “Ankunda, niletee chakula.”

Nilisugua nyuzi za skrubu kwa mswaki, nikasuuza, nikakausha, kisha Mujuni akatoa grisi yake mwenyewe.

Ijumaa askari alikifungua kizibo kwa mkono, akachungulia, akagonga muhuri. Wazee waliokuwa kwenye foleni na magobore yao yaliyogoma wakamzunguka Babu: kafanyaje? Babu akanionyesha kwa kidole. “Muulizeni huyu.”

Nilitamani ardhi inimeze. Wewe unanijua, hata darasani sinyooshi mkono. Lakini mzee mmoja alikuwa amelikumbatia la kwake kama mtoto mgonjwa. Nikaanza na majivu. Nikaeleza mpaka mwisho, Shangazi, na askari naye akaweka kalamu chini akasikiliza.

Bibi Anatolia anakusalimu sana, na Baba pia. Nisalimie Gideon na dada yake Adventina. Mungu awafunike, na goti lako likubebe hadi Krismasi tukuone.

Mtoto wako anayekupenda na kukukumbuka,
Ankunda