Tangu Niukalie Mpira, Baba Haji Tena Dukani

Mpendwa Bi Mbodze, mshauri wetu, asalaam aleikum. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujacheka, kwa sababu huku Msambweni wameshanicheka vya kutosha, na mimi mwenyewe ningecheka kama yangemfika mwingine, lakini jambo lenyewe sasa limegusa radhi ya mzazi na nimekosa raha kabisa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu na kuzidarizi vifuani, kazi niliyofunzwa na baba yangu mzazi, na siku aliponikabidhi duka alifukiza udi, wakaitwa wazee wakasoma Fatiha, kisha baba akainuka kwenye kiti chake cha mvule alichokikalia tangu ujana wake, akanishika bega akaniambia, "Kaa. Hiki ndicho kilichokulisha." Nikakaa, nikalia, na tangu siku hiyo nikawa naamkia hapo na kushindia hapo, mpaka mgongo ukaanza kuniuma, kwanza kidogo kidogo, halafu ikawa hata kugeuka kitandani nasaidiwa na mke wangu Ikram, na msikitini nikishuka sijida naomba Mungu anipe njia ya kurudi juu. Daktari alinipiga picha ya mgongo akatikisa kichwa, akasema fundi, ukiendelea kuinama hivi utaiacha hiyo cherehani ungali kijana.

Sasa Ikram anafanya usafi kwenye chumba cha mazoezi cha hoteli moja ya Diani, na hoteli ilipoleta vifaa vipya, vile vya zamani wakagawiwa wafanyakazi, naye akarudi nyumbani amekumbatia mpira, Bi Mbodze, mpira wa buluu mkubwa hata uso wake hauonekani, akaniambia kuna wageni wanaukalia badala ya kiti ili mgongo unyooke. Nikamjibu mimi ni fundi, si mtoto wa chekechea. Lakini maumivu hayana adabu, nikaukalia. Siku ya kwanza ulinitupa chini na kanzu ya bwana harusi mkononi, na Jefwa, muuza simu wa mlango wa pili, alikuja kuniinua akacheka mpaka akakaa chini yeye. Nikaurudia, ukanitupa, nikaurudia, hata mwili ukajua wenyewe pa kutulia.

Bi Mbodze, sijui niseme vipi unielewe. Ni hewa tu. Ni hewa iliyofungiwa ndani ya mpira, huioni wala huishiki, nayo inambeba mtu mzima na riziki ya nyumba yake, na ukitaka kulegea upande inakukataa, lazima ukae wima. Kifua kilifunguka nikajua kumbe ninacho. Kwenye kiti nilikuwa naona kitambaa na vidole vyangu basi, na sasa nauona mlango wote wa duka, na njia, na nyuso za watu wanaopita. Ijumaa moja niliinuka kutoka kwenye sijida bila kushika goti, nikabaki nimesimama pale nimesahau hata ninasoma nini, machozi yananitoka, subhanallah, kwa ajili ya upepo.

Ijumaa hiyo hiyo baba akaja dukani. Alikuwa akija Ijumaa moja moja baada ya swala kukagua mishono yangu, na yeye mgongo wake umeinama sana siku hizi, watu huwatambua kwa ndara zao kabla hajaziona sura. Mimi niko juu ya mpira, unashuka na kupanda pole pole na mkono wangu unadarizi, na kile kiti nilikuwa nimekitoa nje, nimekiweka barazani nipate nafasi, tukawa tunakiwekea dumu la maji ya kunywa wateja, na baba akasimama mlangoni akainua uso akanitazama, akanitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama, halafu akasema, "Umekaa juu ya upepo, mwanangu," akaondoka zake.

Hajarudi tena. Nikienda nyumbani kwake ananiitikia shikamoo yangu kama anayemwitikia mpita njia. Dada yangu Twaiba anasema nimetupa baraka za mzee kwa ajili ya kitu cha kuchezea, na ameniambia nikitoboe yaishe. Nilichukua sindano ya kushonea turubai nikaiweka ncha juu ya mpira, mkono ukakataa. Niukalie mpira nikose radhi, au nirudi kwenye kiti nikose mgongo? Nisaidie, mama yangu.

Swafwan, Msambweni

*

Swafwan mwanangu, waalaikum salaam. Pale ulipoanguka na kanzu ya watu nilicheka, nisamehe, ila baada ya hapo sikucheka tena.

Kwanza iweke chini hiyo sindano. Mola amekuinua kwa kitu ambacho hata macho hayakioni, nawe unataka kukitoboa kwa kuwa Twaiba kasema. Twaiba mgongo haumuumi. Mimi tangu nisome habari ya sijida yako nimekuwa nikiinuka kwenye msala wangu nastaajabu, maana ni neema tunayoipita kila siku bila kuiona.

Sasa nikukemee, umejitakia. Barua nzima umenijazia mpira, mpira unashuka, mpira unapanda, na katikati ukalipenyeza neno moja haraka haraka, kwamba kiti mmekiwekea dumu la maji. Kiti kilichofukiziwa udi, Swafwan. Kiti kilichosomewa Fatiha na wazee ambao wengine nadhani hatunao tena. Baba yako alipita barazani kabla ya kufika mlangoni, na wewe mwenyewe umesema macho yake huona chini kwanza, kwa hiyo alikiona kiti chake kinalowa kabla hajauona huo mpira. Unaniuliza uchague kipi kati ya viwili, wakati ulikwisha kuchagua siku ulipokitoa kimoja nje.

Na lipo jingine ambalo limekupita. Kiti hicho kilikulisha wewe, yeye kikampinda. Mgongo ule uliinamia kanzu za watu ili ule, ukue, uoe, na yeye hakupata daktari wa kumpiga picha wala hoteli ya kumgawia mpira. Mtu huyo akasimama mlangoni, akainua uso. Unajua shingo ya mzee aliyepinda inauma kiasi gani kuinuka hivyo, na kubaki juu muda mrefu? Nilipofika hapo nilivua miwani. Alikuwa anamtazama mwanawe amekaa wima mahali pale pale alipopindia yeye. Lile neno la upepo sijui lilikuwa lawama au mshangao, na wewe pia hujui, kwa sababu hukumfuata ukamuuliza.

Fanya hivi. Leo hii kiingize kiti ndani, kifute, kipake mafuta ya nazi, kiweke kando ya cherehani upande wenye mwanga. Kisha nenda kwa baba wewe mwenyewe, usimtume Ikram wala mtu mwingine, umbusu mkono useme, "Baba, kiti chako nilikiweka nje, nisamehe." Uishie hapo. Usimtaje daktari, usianze kuutetea mpira. Akinyamaza, nyamaza naye, na akikupa kahawa, kunywa.

Mpira uukalie, ila usiugandie kutwa. Kaa kidogo, simama, nenda ukamsumbue Jefwa, rudi, na urudi kwa daktari umwoneshe unavyokaa, kwani hewa si dawa ya kila kitu na mimi si daktari. Wazee wakija wakakaa mkekani, shuka nawe ukae chini, mdogo hakai juu ya wakubwa, hiyo unaijua. Na pini zako zichomeke kwenye kimto chake cha pini, fundi, ikianguka moja sakafuni itautoboa mpira, nawe utarudi chini kabla wazee hawajafika.

Baba atarudi. Atakaa kwenye kiti chake, atakosoa mishono yako, na Ijumaa moja utamwona ameweka mkono juu ya mpira anaubonyeza kama hataki uone. Usiseme kitu. Mwite Jefwa aushike kwa nyuma, na umwonye asicheke, wewe mshike baba mikono yote miwili umkalishe taratibu, na usimwachie hata kidogo. Mlango wa duka uache wazi, awaone watu wa Msambweni nyuso zao.