Baba Yako Kaikimbia Mashine

Mwanangu,

Nampeleka baba yako hospitali. Usipige mayowe, anapumua. Maharage yako jikoni, yaepue yakiiva, na nguo uanue kabla ya mvua.

Asubuhi nimemkuta kakaa kitini anahema, miguu imevimba mpaka viatu vimekataa. Eti anasikiliza redio! Redio yenyewe haina betri. Kumbe akilala hapati pumzi, maji yamemjaa kifuani. Nilipombana ndipo akasema jana hakwenda kusafishwa damu. Aliniaga vizuri kabisa, kumbe kajifungia na cherehani yake anamalizia gauni lako la harusi. "Mashine ya hospitali itanisubiri," ananiambia, "bibi harusi hasubiri." Huyu mzee ataniua mimi kabla figo hazijamuua yeye!

Gauni liko kitandani kwako. Usililie, kitambaa kile kinashika madoa.

~~Usije hospitali, nitamudu peke yangu.~~

Lijaribu, kisha njoo upesi. Teksi inapiga honi, pumzi hana, na bado kasimama mlangoni ananiuliza kama kiuno kitakukaa. Njoo umjibu mwenyewe, mimi nimechoka naye.

Mama yako