Kambale, Nimekuta Mawe Ndani ya Jipu

Kambale,

Sikusalimii. Na usifikiri ninakuandikia juu ya mapenzi. Ninaandika juu ya kuwa kesho tunamaliza kilio chako, na desturi yetu unaijua: mwenye kuwa na neno na marehemu analisema mbele ya jamaa yote, ao ananyamaza mpaka naye afukiwe. Mimi nilikuwa na neno. Miezi hii yote nililinoa kama panga.

Ku mazishi yako sikuja. Walikuambia? Nilibaki hapa Mabanga, nimekaa juu ya ndoo, ninamenya viazi. Nikasikia namna vijana walivunja jiwe ya volkano na baramini siku mbili kule juu, njia ya Munigi, kwa sababu udongo wa kukufukia haukuwepo. Nikasema: ni yeye kabisa, hata kufa anasumbua watu. Toka siku ile dada yangu Masika, muke wako, hanisemeshi. Chakula ananitumia, ndiyo, lakini sahani inakuja bila salamu. "Pelekeeni ule mutu." Ule mutu! Mimi mwenye nilimubeba mugongoni akiwa na makamasi.

Na kosa ni lako. Ile gari, jipu, tulinunua sisi wawili, wewe wa usukani, mimi wa kuunganisha vyuma na moto. Konteri ya kilomita ikapita trois cent mille, laki tatu, na jipu ikaanza kutushinda. Kushuka inakimbia, kupanda inahema kama padri munene mwenye ameona ngazi. Watu wakauliza. Wewe ukajibu ku nganda ya pombe, mbele ya chupa na watu: "Jipu ni shemeki Muhindo aliiua." Nikakuuliza niliiua namna gani. Ukatoa yale meno yako ya mahindi, ukasema: "Uliza mukono wako." Nikauliza mara ya pili, mara ya tatu. "Uliza mukono wako, shemeki."

Nilijua unatukana kazi yangu, sawa vile ulizoea. Juu mimi nikimaliza kuunganisha chuma, moto wangu unaacha kamukia kadogo, kamejikunja. "Mukia wa nguruwe," ulikuwaka unasema. "Muhindo hahitaji kusaini, nguruwe inamusainia." Toka siku ile ya nganda sikukusemesha tena. Halafu ukakufa, mujinga wewe, kabla sijashinda.

Bon. Wiki hii nikasema nitaifungua jipu mimi mwenyewe, nitoe ushahidi. Nilikuwa na hakika umetoa matumbo ya katalizeri, vile vyungu viwili vya chuma ku bomba ya moshi, kimoja kila upande. Ndani yake kuna kitu chenye matundu madogo madogo kama sega la asali, kinasafisha moshi, na watu wanakitafuta sana. Nikasema: Kambale aliuza masega, akanitupia lawama. Kesho ningesimama na vyungu mukononi: muone mwizi wenu!

Shimo la kuingia chini ya gari hapa kwetu nani atachimba? Nikaipandisha jipu juu ya visiki vya miti. Si juu ya mawe, mimi si mujinga. Jiwe yetu ukiibebesha gari inavunjika kama mukate mukavu. Ndani nikakuta kuku wa Masika ametaga ku kiti chako. Mayai nimekula.

Buloni zako, zile za kukaza vyungu, zilikuwa kutu tupu. Nilizimwagia mafuta, nikangoja siku nzima, nikazipiga moto. Ya kwanza ikakubali, ya pili ikakubali, ya tatu ikakatika kichwa. Nikiwa nimelala mugongo, kutu inaniingia macho, ndevu zimeanza kunuka moto, nikakutukana wewe, nikatukana na mwenye alikubatiza. Masika alikuwa anapita na beseni. Akasimama. Neno lake la kwanza toka mazishi:

"Unatukana mutu mwenye hawezi kujibu. Sasa umeshinda?"

Akaenda zake.

Nikatoa chungu cha kushoto, nikakigonga na nyundo. Kikalia: ngara-ngara. Ha! Nikakikata na mashini. Sega hakuna. Ni mawe! Mawe ya hapa hapa, ya volkano, yale yenye matundu, nusu yamesagika yamekuwa unga, yameziba njia ya moshi. Cha kulia, vilevile. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mwizi ametoa asali akaweka mawe! Nikachukua kitambaa nivisafishe, vipendeze mbele ya jamaa.

Masizi yakatoka. Chini yake kulikuwa alama ya kale, pale mutu alikifungua chungu akakifunga tena na moto. Na mwisho wa alama ile, kamukia. Kamejikunja.

Kambale. Nilikaa chini.

Nikauliza mukono.

Ilikuwa asubuhi ya ndoa ya mutoto wako wa kwanza. Jipu ilikuwa imeziba, haipandi. Mimi ndiye nilifungua vyungu, nikavunja masega na chuma, nikatupa. Ikapata nguvu, lakini ikanguruma kama ndege, na bibi arusi hawezi kufika kanisani na makelele ile. Mimi nilikuwa na kasiksi, ile pombe ya ndizi, kichwani toka jua kutoka. Nikaangalia mawe ya ukuta wako, nikaona matundu. Nikasema tundu ni tundu. Nikajaza, nikafunga, jipu ikanyamaza, mutoto akaolewa. "Kesho nitayatoa," nilikuambia, na kesho yake kasiksi ilikuwa imenifutia yote. Na wewe ulikuwa pale, umevaa koti, unanishikia nyundo!

Ulijua. Miaka hii yote. Neno moja tu, "mawe", ningekumbuka. Lakini hapana, bwana mukubwa alitaka nikumbuke peke yangu. Kichwa chako kilikuwa kigumu kuliko yale mawe, maana yale angalau yalisagika. Ukiwa mugonjwa nilipita mbele ya mulango wako. Nilikusikia unakohoa. Nilisimama pale, kofia mukononi, nikangoja uniite. Na wewe ndani ulingoja nini? Niulize mukono.

Wajinga wawili. Mumoja amekufa, hata hiyo umeniwahi.

Katalizeri zingine nilizipata kwa wauza piesi za magari wa Birere, za jipu yenye iligongwa. Nilizigonga kwanza: kimya. Leo nimezifunga na buloni mpya, nikapitisha maji ya sabuni ku viungo, povu hakuna. Nikapanda mpaka Munigi na gia ya tatu, Kambale, bila kuhema! Moteri bado inakunywa mafuta kama wewe ulivyokunywa, na siku moja itaziba hata hizi. Ku kaburi lako sikusimama, usijisikie. Nilipiga honi tu.

Kesho nitasimama. Vyungu nitaviweka ku miguu ya Masika, kamukia kaangalie juu, na nitasema: jipu ni mimi niliiua, na mutu mwenye aliniambia ukweli nilimunyima konzi ya udongo ku kaburi lake. Watacheka. Masika pengine hatacheka. Wewe utavimba kwa majivuno huko uliko. Vimba, ni haki yako, mara moja tu.

Kisha Masika atakaa mbele, ku kiti chako, nitamupandisha mpaka kwako. Ule unga wa mawe sikuutupa. Nimeuweka mu kopo ya maziwa. Konzi yenye nilikunyima nitaitupa kesho, na kwa sababu kule udongo hakuna, utapokea ile ya jipu.

Lala hapo hapo, usinijibu. Nimechoka kushindwa nawe.

Ni mimi, shemeki yako Muhindo. Mukia unajua namna unavyochorwa.