Ushuhuda wa Jino la Mama

Dandora

Kaka Laban,

Nakusalimu kwa kuwa adabu inanidai. Natumaini wewe, shemeji na watoto mu wazima huko Kitale. Sisi hapa tu wazima, ila mama. Simu zangu hupokei, basi soma.

Vidonge vya kumumunya unavyouza, vyenye bakteria wazuri kama wa maziwa lala, sina ugomvi navyo. Hata mimi vilinipunguzia harufu ya mdomo. Ugomvi wangu ni na ulimi wako. Ulipokuja kututembelea uliwaambia akina mama wa kanisa letu kwamba jino lililooza halihitaji kung'olewa tena, na mama yetu akasimama Jumapili akashuhudia kwamba lake limepona. Walipiga makofi, wakanunua.

Kumbe jino linaendelea kuoza. Shavu lilipovimba alijifunga leso, akasema ni baridi. Nilimsihi twende kwa daktari akakataa katakata. Alisema akionekana kwenye foleni ya meno, watu watasema alidanganya madhabahuni. Nilimpeleka kwa nguvu siku uji uliposhindwa kupita. Daktari Kageha alikuta usaha umeshuka hadi shingoni, ikabidi apasuliwe. Akanieleza kwamba bakteria hao huenda wakasaidia fizi kidogo kwa mtu anayepiga mswaki, lakini jino lililotoboka haliponi kwa kumumunya kitu. Nilikasirika, Laban, na hasira hiyo ni yako.

Sasa nakuandikia alichonikataza mama. Siku ya ushuhuda jino lilikuwa likimuuma. Alikwambia hivyo mlangoni mwa kanisa, nawe ukamjibu, "Shuhudia kwa imani, Mama, uponyaji utafuata." Ulijua. Na jana, kwa sauti ya kukwaruza, aliniambia, "Usimlaumu Laban. Imani yangu ndiyo ilipungua." Mama yuko kitandani anatubu dhambi yako.

Kanisani ameagiza tuseme ni presha. Sasa jirani yetu Kui naye amevimba shavu, na anamumunya vidonge vyako. Nilikwenda nikamwambia ukweli wote. Akanijibu kwamba namwonea kaka yangu wivu, na kwamba yeye alimsikia mama kwa masikio yake.

Mimi hataniamini. Panda basi uje umwambie wewe, kabla hajashindwa kumeza.

Msalimie shemeji, na watoto uwaambie shangazi anawapenda.

Ni mimi dada yako,
Nekesa