Hita ya Datsun ya Mjomba

Zahanati, Nyandira
17 Mei 1992

Mjomba Benedikto,

Shikamoo. Naamini barua hii itawakuta salama, wewe na mkaza mjomba Ester. Sisi huku tu wazima. Mama, dada yako Paskalia, kifua kinambana kama kila mwaka baridi inapoanza, lakini hakubali kuacha njegere zake zimezwe na magugu.

Mjomba, nimekaa na jambo hili siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Juzi alikuja hapa mama mmoja kutoka Tchenzema, akajifungua mtoto wa miezi saba. Mtoto alilia, akanyonya kidogo. Huyo ilibidi afikishwe hospitali ya mjini, na zahanati yetu haina gari. Tukapanda pikapu ya mboga iliyokuwa inashuka, mama juu ya magunia ya kabichi, mimi nimewakumbatia wote wawili ndani ya mablanketi. Manyunyu na ukungu njia nzima. Tulipofika Mzumbe nilimfunua mtoto nikamkuta amekwisha poa, hapumui. Daktari alisema hakuwa na ugonjwa mwingine. Ilikuwa baridi tu.

Nina swali moja. Ile Datsun yako ya mashindano, ina hita?

Mpwa wako,
Felista


Mafiga, Morogoro
26 Mei 1992

Mpwa wangu Felista,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwuza plamu. Sisi wazima, ila mgongo wangu unanikumbusha umri kila nikiingia chini ya gari. Mpe pole mama yako, mwambie magugu hayakimbii.

Nilipoona neno hita nilicheka. Kisha nikasoma tena hapo juu, habari ya mtoto, nikaacha kucheka. Pole sana, mwanangu.

Gari lilitoka kiwandani na hita. Lakini nani huku Mafiga anataka hita? Hata jina la mtaa ni mawe ya jikoni. Yule tajiri wangu Mhindi aliyekuwa akishindana nalo aliniagiza niikate mipira ya maji inayokwenda kwenye hita na kuiziba. Thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasipite mpaka injini ipate joto, niliitoa mwenyewe, kama mafundi wote wa huku, ili injini isichemke. Alipohamia Kanada akaniachia gari, nami nikaliweka bandani. Hita haijapuliza hewa ya moto tangu hapo.

Sasa nikuambie na la kwangu. Tangu mambo yawe ruksa, watu wanakuja na fedha zao kutafuta vitu tulivyodhani ni chuma chakavu. Kuna bwana wa Nairobi, anaitwa Rogers, anakusanya magari ya zamani ya mbio. Ameliona langu. Anataka kila kitu kiwe kama kilivyotoka Japani, hita ikiwemo, na anaipenda sana dashibodi kwa kuwa haina ufa. Anasema za wenzake zote zimepasuka kwa jua. Atarudi mwishoni mwa Julai kulichukua. Unajua nilipunguzwa kazi kiwandani. Ester ameshatafuta pa kuweka mashine ya kusaga, na seremala ameshapima mlango.

Kwa hiyo hita nitaitengeneza, lakini si kwa ajili yenu. Nakuambia mapema usije ukajenga matumaini.

Mjomba wako,
Benedikto


Nyandira
5 Juni 1992

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo, mama anakohoa lakini anakula.

Nimekuelewa. Liuze. Mkaza mjomba amesaga mahindi kwa foleni kwenye mashine za watu miaka mingi, naye anastahili mashine yake. Mimi nilikwenda kwa wakubwa wa kata kuomba gari. Walinisikiliza vizuri, wakaniambia nisubiri bajeti. Njegere zinashuka mjini kila siku kwa sababu zina mwenye faida. Mzazi hana.

Ila kwa kuwa unaitengeneza, nikuambie tu kama mtu anayependa kuuliza: hewa ya moto inafika wapi? Mama anayevuja damu hawezi kukaa kwenye kiti. Inabidi alale, miguu juu kidogo, mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi. Gari lako ninavyolikumbuka lina sehemu tambarare nyuma ya viti, chini ya kile kioo kinachofunguka. Joto likiishia miguuni mwa dereva, halimfai mtu wa nyuma.

Usinijibu kama linakusumbua.

Mpwa wako,
Felista


Mafiga
24 Juni 1992

Felista mwanangu,

Marahaba. Huku salama, nyanya zimeshuka bei na watu wanacheka.

Hita nimeishusha yote. Ndani yake kuna rejeta ndogo, kama ya gari la mtoto. Ilikuwa imejaa kutu, nikiimiminia maji juu hayatoki chini. Niliiloweka kwenye siki, nikasukuma maji kinyumenyume mpaka yakatoka meupe. Halafu nikaona inavuja kwenye pembe, nikaipeleka kwa Thobias fundi rejeta, akaiziba kwa risasi. Koki inayofungulia maji ya moto ilikuwa imeganda, nikaikwangua. Feni niliifungua nikakuta panya alizalia humo. Sponji zote zilizokuwa zinaziba mianya zimekuwa unga, nikakata mpya kutoka godoro letu la zamani. Nilidhani nimemaliza.

Nikawasha gari, nikafunga vioo, nikakaa ndani. Hewa ikatoka vuguvugu kama pumzi ya mbuzi. Nikashusha tena, nikafungua kila kitu, hakuna kasoro. Siku mbili nimeongea peke yangu. Ester ndiye aliyeuliza, "Na kile kidude ulichosema ulikitoa?" Thamostati. Bila hiyo, injini haishiki joto, na hita haina cha kupuliza. Zamani ningeandika barua Japani. Safari hii nimeipata Kariakoo kwa siku moja, imekuja kwa njia ya Dubai, iko kwenye boksi lake.

Sasa inaunguza. Nilitoka humo shati limelowa, majirani wakaniuliza kama naumwa homa.

Kuhusu swali lako: joto haliendi nyuma. Linaishia miguuni na kwenye kioo cha mbele. Nililitazama jambo hilo. Ili lifike nyuma, lazima nitoboe lile sanduku la plastiki la katikati linaloshika gia, na pengine dashibodi iguswe. Bwana Rogers hataki tundu hata la msumari. Basi limebaki hivyo.

Lakini hita huwezi kuipima Mafiga. Inataka baridi ya kweli. Jumamosi tarehe 4 nitapanda nalo huko Nyandira, ninywe chai kwa dada yangu, nishuke. Chini lina bamba la chuma la mashindano, mawe hayatalifanya kitu.

Mjomba wako,
Benedikto


Nyandira
6 Julai 1992

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, pikapu inanisubiri.

Utingo anasema aliliona gari lako limesimama mjini, zaidi ya hapo hajui kitu. Tangu juzi sijapata usingizi. Ulikuja kunywa chai, nami nikakupakia wagonjwa kabla hujamaliza kikombe. Nilikuwa sina njia. Angelina alikuwa amejifungua na anavuja damu, mtoto ni wa miezi saba, na kule ndani nilikuwa na mzazi mwingine ambaye mtoto wake alitanguliza matako. Ningeondoka na wewe, yule ningemwacha na nani? Nilimweka mama mkwe wa Angelina, bibi Josephina, kiti cha mbele kwa kuwa hana woga.

Huyu niliyebaki naye alijifungua salama.

Niambie walifikaje. Niambie hata kama ni vibaya.

Mpwa wako,
Felista


Mafiga
9 Julai 1992

Felista,

Marahaba. Wako hai wote wawili. Nimetanguliza hilo ili usome mengine kwa utulivu.

Angelina aliongezewa damu. Mtoto yuko kwenye chumba chenye joto, wa kike, anapewa maziwa kwa kijiko. Daktari hasemi mengi, ila haonyeshi wasiwasi.

Sasa njia. Tulipoanza kushuka ukungu ulikuwa hauonyeshi hata pua ya gari. Hita ilifanya kazi, mimi na bibi Josephina miguu yetu ilikuwa inaungua. Kabla hatujafika Langali bibi akageuka, akaingiza mkono nyuma chini ya blanketi. Akasema, "Baba, huku nyuma ni baridi kama kisimani." Nikamwambia amshike mtoto yeye hapo mbele. Akakataa. Akasema nesi ameagiza mtoto asitoke kifuani kwa mama yake, na mama mwenyewe alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Nilisimama. Nikakaa kidogo nimeshika usukani. Sitakudanganya, nilimfikiria bwana Rogers. Nilimfikiria Ester na mlango aliopima seremala. Bibi Josephina akaniuliza, "Gari limekufa?" Nikasema, "Hapana." Akasema, "Basi unangoja nini?"

Nikachukua tairileva, chuma cha kubandulia tairi, nikaichomeka chini ya lile sanduku la katikati, nikalibandua. Halikutaka kutoka. Lilipotoka lilitoka na kipande cha dashibodi, ikapasuka kutoka redioni mpaka kwenye saa. Nilikuwa na tyubu ya tairi ya akiba. Nikaikata ikawa bomba, upande mmoja nikaufunga kwa waya mahali hita inapotolea hewa, ule mwingine nikaupitisha kati ya viti mpaka chini ya blanketi la Angelina. Ule mpira unaopeleka hewa kwenye kioo nao niliung'oa, ili joto lote liende nyuma.

Kioo kikajaa mvuke papo hapo. Bibi Josephina alivua kanga ya juu akawa anapangusa upande wangu, njia nzima, huku anamsemesha mkwewe asilale. Nikiuliza, "Vipi huko?" anaingiza mkono, anasema, "Panapata joto." Baadaye akasema, "Pamepata." Tulipofika Mzumbe nilisimama bila kuambiwa, kwa sababu ya barua yako ya kwanza. Akafunua, akachungulia. Mtoto alikuwa ametoka jasho puani.

Ester nimemwambia yote siku ileile. Alisikiliza, akaondoa vyombo, akaenda kulala. Mpaka leo ananipa chakula na salamu, basi.

Mjomba wako,
Benedikto


Nyandira
25 Julai 1992

Mjomba,

Shikamoo, pamoja na mkaza mjomba. Sisi wazima, na mama amepona kikohozi.

Barua yako nimemsomea mama. Akasema wewe tangu mtoto ulikuwa unavunja vitu, ila hicho ndicho cha kwanza ulichovunja vizuri. Mume wa Angelina anataka kukuletea mbuzi. Nimemwambia angoje.

Kuhusu mkaza mjomba naona haya. Nimetaka kumwandikia mara mbili nikachana. Kumshukuru kwa kitu ambacho hakukitoa yeye si shukrani, ni kumtonesha kidonda. Bwana wa Nairobi amekuja? Labda dashibodi inaweza kuunganishwa kwa gundi, siku hizi Kariakoo kuna kila kitu.

Mpwa wako,
Felista


Mafiga
9 Agosti 1992

Felista mwanangu,

Marahaba. Natumaini huko jua limeanza kutoka. Angelina na mtoto wameruhusiwa, nao wanangoja ukungu upungue ndipo niwapandishe.

Bwana Rogers alikuja. Sikuifunika dashibodi wala sikuitia gundi. Alizunguka gari, akafungua mlango, akaona ufa na ile tyubu imelala kati ya viti kama nyoka aliyegongwa. Aliniuliza ni nani aliyefanya hivyo. Nikamwambia ni mimi, nikamweleza kwa nini. Ni mtu mwungwana, hakugomba. Alisema amesikitika, kisha akasema, na kweli alimaanisha, kwamba nilifanya inavyopasa. Halafu akapanda gari lake akaondoka, langu akaliacha. Ester alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai aliyomwandalia.

Usiniite mtu mwema, Felista. Wiki ile nilikuwa na hasira na kila mtu, na wewe pia. Nilijiambia kuwa pengine mtoto angefika hata bila tyubu. Nani anajua? Nilikwenda hospitali kuwatazama, nikiwa bado na hasira yangu, bibi Josephina akanipakatisha yule mtoto bila kuniuliza. Uzito wake kama pakiti ya unga. Nilirudi nyumbani nikiwa sina la kubishana nalo.

Ester hakuwa amenisemesha neno la maana mpaka leo asubuhi. Nilitoka kupiga mswaki, nikaona kioo cha nyuma cha gari kimefunguliwa na miguu ya mtu imetokeza. Nikakimbia, nikidhani ni mwizi. Alikuwa ni Ester. Amelala chali pale nyuma, ameshika kamba ya kupimia aliyoipiga mafundo mawili. Chini ameweka turubai alilotaka kufunikia mashine, na pamba ya mto, vya kushonea godoro.

Hakuinuka. Aliniuliza, "Miguu ya yule mzazi ilikuwa upande gani?"

Nikamwonyesha.

Mjomba wako,
Benedikto