Spika ya Upande wa Baba

Kwako Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji pamoja na wapwa zangu. Sisi huku tunashukuru. Magoti ya Mama yanamsumbua mvua ikinyesha, ikikatika anayasahau. Utashangaa nimeshika kalamu wakati simu ipo. Nimejaribu kupiga, Dada, na si mara moja, nikakata kabla hujapokea. Yapo mambo mdomo hauyawezi.

Uliniuliza kwa nini Baba hataki kuzungumza nawe, kila ukipiga anampa Mama. Nikakujibu kwamba ni uzee tu, umzoee. Hukuridhika, na ulikuwa na haki.

Unajua masikio yake yalianza kupungua hata kabla hujaolewa. Kutengeneza cherehani maisha yote katikati ya washonaji hakumwachi mtu salama. Lakini Baba alikuwa na kipimo chake. Akifunga kibanda, anaketi garini kwenye kiti cha abiria, anafunga milango na kusikiliza taarifa ya habari, kwa kuwa humo hamna masufuria wala watoto wa jirani. Alizoea kusema kwamba siku atakayoshindwa kumsikia msomaji wa habari garini, atajua masikio yameaga, na ataacha kuwachosha watu na “eti?” na “umesemaje?”

Siku hiyo ilifika miezi michache iliyopita. Alishuka garini, akafunga mlango taratibu, akaingia ndani na kumwambia Mama kwamba basi, yamekwisha. Akaacha kwenda kwa kinyozi, kule alikokuwa akibishana mpaka wateja wanasahau kilichowaleta. Simu ikilia, anaitazama kama mali ya mtu mwingine. Mama alianza kumpigia kelele mezani, akachoka, akawa anagonga bakuli kwa kijiko akitaka kumwambia jambo. Mwanzoni tulicheka, hata Baba alicheka. Baadaye akawa anainuka na sahani yake na kwenda kula chumbani.

Kibanda nacho amekifunga. Unakumbuka kwamba Baba haanzi kwa kufungua cherehani. Huzungusha gurudumu, akainamisha kichwa, akasikiliza, ndipo aseme ugonjwa uko wapi. Alisema fundi kiziwi ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Akalibeba lile sanduku la vifaa alilokuwa nalo tangu ujana, akampelekea yule fundi wa mtaa wa pili, ambaye miaka yote wamekuwa wakigombania wateja. Akamkabidhi sanduku, akamkabidhi na wateja.

Mama alimpeleka hospitali. Daktari akampima na kusema kwamba masikio yake yako vilevile kama alivyoyakuta alipompima mwaka jana. Baba alirudi akilalamika kwamba madaktari wa siku hizi wana huruma kupita kiasi, hawathubutu kumwambia mzee ukweli. Nilikuwa nimesimama hapo karibu nikisikia. Nilitoka nje nikaosha gari ambalo halikuwa chafu.

Sasa Dada, kama umesimama, keti.

Siku chache kabla ya Baba kukata tamaa, nilibadilisha spika za milango. Zile zilizokuja na gari kutoka kiwandani hazikuwa na ubaya wowote. Mimi tu nilizionea haya, maana rafiki zangu wakipita na magari yao vioo vya madirisha vinatetemeka, nami napita kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu tunayemwita Profesa. Hakuwa na spika mbili zinazofanana. Alinipa moja kubwa ya besi tupu, iliyong’olewa kwenye redio ya ukumbini, na moja ndogo ya sauti nyembamba, ya gari jingine kabisa. Nilipouliza kama zitapatana, alisema ndoa nyingi ni hivyohivyo na zinadumu. Zile nzuri alizichukua yeye.

Ile kubwa haikuenea. Nikakata bati la mlango wa abiria kwa msumeno, bila kumwuliza Baba mwenye gari, nikaikaza. Ndogo nikaipachika mlango wa dereva kwa kipande cha ubao. Nilipokaa kwenye usukani nikasikia maneno na muziki wote, nikajiona fundi. Upande wa pili sikukaa.

Siku ile Baba alikaa upande wake kama kawaida, mimi nikiwa kwenye usukani. Akaniambia niongeze sauti, nikaongeza. Akasema tena, nikaongeza mpaka mlango wake ukatetemeka. Akaniuliza, “Wewe unamsikia?” Nikajibu kwamba namsikia vizuri kabisa. Akatikisa kichwa, akashuka.

Naapa hapo sikujua. Kesho yake ndipo nilipokaa kwenye kiti chake, na nilichosikia ni ngurumo kama ya lori linalopanda mlima. Mwenye masikio mazima ataokota neno moja moja. Baba angeokota nini? Nikakimbia kwa Profesa kuzifuata zile za zamani, nikakuta zimeshauzwa. Nikajiambia nitatafuta nyingine kimyakimya, kisha nitamwita Baba asikilize tena, na hakuna atakayejua kitu. Sikupata. Na kila siku iliyopita ilifanya neno liwe zito zaidi kulitamka. Jioni moja alinieleza jinsi anavyoogopa kufa akiwa haisikii sauti yako. Nami nikamwambia, “Pole Baba, ndiyo umri.”

Uliposema umeomba ruhusa kazini uje umchukue kwa matibabu, nikashindwa kuvumilia. Nilimshika mkono nikamkalisha kwenye usukani, nikawasha redio. Alisikiliza taarifa nzima, mpaka hali ya hewa, mikono yake juu ya magoti. Ilipokwisha akaniuliza nimejua tangu lini. Nikamwambia. Akasema, “Ulikuwa unaniona nazikwa mzima, na koleo la udongo umelishika wewe.” Akaniagiza nikuandikie yote haya kwa mkono wangu, nisiache hata moja.

Kwa hiyo usisumbuke kuja kwa ajili ya hospitali, ila ukipiga simu atapokea. Usipaze sauti. Kwa kinyozi amerudi. Kibanda bado kimefungwa, maana sanduku hataki kulidai. Anasema alilitoa kwa moyo mweupe, hawezi kwenda kumnyang’anya mwenzake kwa sababu ya upumbavu wa mwanawe. Nilitaka kwenda mimi, akanikataza.

Hajanigombeza, Dada. Nikimpelekea chai ananiambia asante sana, ameshukuru, na ananiuliza kama nimeshinda salama. Ndivyo anavyozungumza na wageni. Mara nyingine nakawia na kikombe mlangoni nikingoja anifokee, naye ananyoosha mkono kwa adabu na kukipokea.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu, usiwaambie sababu ya barua hii mpaka wakue. Ukiona vyema kunijibu, nitafurahi, usipojibu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na la kujitetea.